Okestra ya Vijana: Vyombo Vije Mwisho



Juzi hapa Siakago, mkutano wa vikundi ulipokwisha, vijana watano wa kwaya walibaki nyuma na simu mkononi. Walitaka niangalie video ya watoto wa Korogocho, Nairobi, wakipiga fidla na tarumbeta mbele ya umati wa watu. "Mwalimu, hata sisi tunataka okestra," mmoja akasema. "Tusaidie kuandika barua kwa wafadhili watuletee vyombo." Mama mmoja aliyekuwa akifunga mkoba wake akauliza bila hata kugeuka, "Na hivyo vyombo vikija, nani atavilisha?"

Vijana walicheka. Mimi sikucheka. Kila kikundi kilichowahi kupewa mbuzi wa maziwa kinajua uzito wa swali hilo. Mbuzi anakuja na picha zinapigwa, lakini asubuhi yake anataka majani, maji, dawa ya kupe, na mtu wa kuamka. Fidla nayo ni hivyo hivyo.

Wacha nikiri jambo. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii, nilikuwa mlezi wa kikundi cha vijana katika kijiji kimoja ambacho sitakitaja. Wageni walitutembelea, wakapendezwa na uimbaji wa vijana, na baada ya miezi michache tukapokea sanduku kubwa. Ndani yake mlikuwa na tarumbeta tatu, klarineti mbili na fidla nne. Ni mimi niliyetia sahihi ya kupokea. Tulichinja mbuzi, tukala, tukacheza. Hakuna aliyeuliza nani atafundisha, na mimi niliyesomea kazi ya kuuliza maswali kama hayo sikuuliza.

Klarineti ndizo zilizonyamaza kwanza. Klarineti hutoa sauti kwa ulimi mwembamba wa mwanzi unaofungwa mdomoni pake, na ulimi huo huchakaa. Zetu zilipopasuka hatukujua hata zinauzwa wapi. Tarumbeta moja ilienda nyumbani kwa kiongozi "kwa usalama" na haikurudi. Fidla tuliziweka stoo chini ya mabati. Baada ya miaka miwili nilifungua masanduku yake nikakuta gundi imeachia kwa joto, mbao zimefunguka, na panya amezaa ndani ya sanduku moja. Vijana wenyewe walishatawanyika, na wawili walikuwa wamegombana kabisa juu ya ile tarumbeta iliyopotea. Kabla ya lile sanduku kuja walikuwa wanaimba pamoja vizuri tu.

Kwa hiyo ninapoandika juu ya okestra ya vijana sitaki kuwavunja moyo wale watano. Nataka tu tuanze upande ule mwingine.

Okestra ni kitu gani

Watu wengine husikia neno okestra wakafikiria bendi ya rumba, maana hata bendi zetu za zamani zilijiita hivyo. Hapa tunasema juu ya kundi kubwa la wapigaji, kila mmoja na sehemu yake iliyoandikwa. Kuna vyombo vya nyuzi kama fidla, na ndugu zake wakubwa viola, selo na besi. Kuna vya kupuliza vya jamii ya mbao, kama filimbi na klarineti, na vya shaba, kama tarumbeta. Halafu kuna vya kupigwa, yaani ngoma na wenzake. Okestra kubwa za Ulaya huwa na watu 60 hadi 100. Ya vijana inaweza kuanza na kumi na wawili, na mimi nimesikia kumi na wawili wakipiga vizuri kuliko arobaini.

Mtu asiwaambie kwamba haya ni mambo ya Wazungu peke yao. Kupiga uzi kwa upinde kunajulikana hapa kwetu tangu zamani. Wajaluo wana orutu, na Wagikuyu wana wandindi yenye uzi mmoja. Na habari ya watu wengi kupiga pamoja bila kugongana, mwenye kutaka kujifunza akawaangalie wapiga ngoma wa Chuka. Kila mmoja ana ngoma yake kati ya miguu na kazi yake, na wote wanasikilizana. Kusikilizana huko ndiko okestra.

Tena kwaya zetu zina nusu ya kazi tayari. Kwaya ya sauti nne, soprano, alto, teno na besi, imejengwa kama nyuzi za okestra, fidla juu na besi chini. Kijana aliyezoea kushika sauti ya alto huku mwenzake anaimba soprano karibu na sikio lake amekwisha kushinda jambo gumu kuliko kushika upinde. Kinachokosekana ni kusoma nota. Walimu wetu wengi wa kwaya wanafundisha kwa solfa, do-re-mi, lakini karatasi za okestra zimeandikwa kwa nota za mistari mitano. Si elimu ya ajabu. Mwalimu wa kwaya mwenye bidii anaweza kuvuka kutoka solfa kwenda kwenye mistari kwa miezi kadhaa, na watoto huvuka haraka kumshinda. Aanze na filimbi za plastiki za shule, zile ndogo zenye matundu nane. Hazipasuki kwa joto, zinaoshwa kwa maji na sabuni, na mtoto anaweza kwenda nayo nyumbani.

Korogocho walianzaje

Kundi ambalo vijana walinionyesha kwenye simu linaitwa Ghetto Classics. Lilianza mwaka 2008 katika parokia ya Mtakatifu Yohane, Korogocho, pembeni mwa jaa kubwa la taka la Dandora, mahali ambapo moshi wa taka humfikia mtu akiwa ndani ya nyumba. Aliyeanzisha ni Elizabeth Njoroge, mwanamke Mkenya aliyesomea ufamasia lakini moyo wake ukawa kwenye muziki. Mwaka 2009 kazi hiyo ilipata mwavuli wa taasisi iitwayo Art of Music Foundation, ambayo pia inaiongoza Okestra ya Taifa ya Vijana wa Kenya.

Watu wakitazama video huona fidla tu. Mimi naona mambo mawili ambayo hayaonekani kwenye picha. La kwanza, wanafunzi wakubwa wanawafundisha wadogo. Kijana aliyejifunza tarumbeta pale pale Korogocho ndiye anayesimama mbele ya watoto wapya, na wengine wamepata riziki kwa kufundisha. Kwa hiyo ujuzi hauondoki na mgeni. La pili, walitafuta fedha zinazorudi kila mwaka. Tamasha la jazi la kampuni ya Safaricom lilipoanza mwaka 2014, mapato yake yalielekezwa kwa watoto hawa. Kundi lililoanza na watoto wachache limefikia mamia.

Sasa mtasema, "Hao wako Nairobi, wana Safaricom." Ni kweli. Basi twende Kinshasa, mji mkuu wa Kongo, ambako mwaka 1994 Armand Diangienda, rubani aliyepoteza kazi yake ya ndege, alikusanya waumini wa Kanisa la Kimbangu ili waunde okestra. Wengi hawakuwa wamewahi kushika fidla. Vyombo vilikuwa vichache kuliko watu, ikabidi wapokezane, huyu anapiga, anampa mwenzake. Uzi wa fidla ukikatika walitumia waya wa breki ya baiskeli. Walitengeneza na vyombo vingine wenyewe. Nchi ilipita katika vita, na okestra ikaendelea kukutana jioni, watu wakitoka sokoni na kazini kwao bila mshahara wowote wa muziki. Mwaka 2010 filamu ilitoka juu yao na dunia ikawajua, lakini angalieni miaka: walikuwa wameshafanya mazoezi miaka 16.

Mambo ya pesa

Hapa ndipo mkutano huwa unapoa, lakini lazima tuingie. Tuchukue mfano. Tuseme mna watoto 24, na kila mzazi anatoa shilingi 100 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 2,400. Mwalimu anatoka Embu mjini mara mbili kwa wiki, yaani mara nane kwa mwezi, na mmekubaliana naye shilingi 1,000 kila safari, nauli ikiwa ndani. Hizo ni 8,000. Mmepungukiwa na 5,600 kila mwezi, na kwa mwaka ni 67,200. Bado hamjanunua uzi mmoja. Na mimi nawajua wazazi wetu: mvua ikikosa, ndengu zikikauka shambani, nusu yao hawatatoa ile mia. Mtamfukuza mtoto kwa sababu hiyo? Mkimfukuza, mmefungua shule ya wenye uwezo.

Karibu kila mahali duniani ada za watoto na tiketi za tamasha hazitoshi kuendesha okestra. Hata kule Venezuela, ambako José Antonio Abreu alianzisha mpango mkubwa wa okestra za watoto mwaka 1975, serikali ndiyo iliyobeba mzigo. Basi swali la kikundi si "tutaliondoaje pengo" bali "nani atalijaza kila mwezi bila kuchoka".

Mimi naona jibu liko kwenu kuliko kwa mfadhili. Kikundi cha watu wazima 30, kila mmoja akiongeza shilingi 100 juu ya mchango wake wa kawaida, ni 3,000 kwa mwezi. Lile pengo la 5,600 linabaki 2,600. Kikundi chenye hema na viti vya kukodisha kinaweza kuziba hilo kwa sherehe chache, na harusi inayokodisha hema inaweza kuwaalika vijana wapige, wakalipwa kitu kidogo. Yote haya yaingie kwenye daftari moja, kwa risiti, na pesa ziwe benki kwa sahihi za watu watatu, wala zisikae kwenye simu ya mwenyekiti. Mapato ya harusi yasigawanywe siku ile ile pale uwanjani. Nimeona vikundi viwili vikifa hivyo.

Mfadhili akija, aombwe vitu visivyorudi kila mwezi: vyombo, stoo ya matofali, mafunzo ya mwalimu wa kwaya. Mshahara wa mwalimu usimwachie peke yake. Kule Zanzibar kuna chuo kizuri cha muziki, Dhow Countries Music Academy, kilichofunguliwa mwaka 2002. Kimefundisha udi, kanuni, fidla na ngoma kwa vijana wengi, na kimetoa wanamuziki wanaojulikana. Mwaka 2019 kilikuwa karibu kufunga milango. Watu waliendelea kutaka kujifunza, lakini misaada ya nje ilipungua na ada za wanafunzi hazikuweza kubeba chuo. Hao ni watu wenye sifa kubwa. Sembuse sisi.

Visiwani humo humo kuna mfano mwingine ambao napenda zaidi. Ikhwani Safaa ni chama cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1905. Tazameni umri huo. Wana fidla, udi, kanuni, na kwa miaka mingi waliojaa jukwaani walikuwa watu wenye kazi zao nyingine, wakikutana klabuni jioni. Ni chama cha wanachama, kama vikundi vyenu. Wametawaliwa na Waingereza, wamepita mapinduzi ya 1964, na chama bado kipo.

Usajili ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani. Kikundi cha kijamii chenye watu wasiopungua kumi husajiliwa kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii, chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022. Wanachama wawe watu wazima, watoto wawe wanafunzi wa kikundi. Kama tayari mmesajiliwa kwa kilimo ama kuweka akiba, nendeni ofisini mwulize jinsi ya kuongeza shughuli hii kwenye katiba yenu, badala ya kuanza upya.

Chombo ni cha nani?

Siku chombo cha kwanza kinapoingia, kabla hakijapigwa, kiandikwe nambari na kiingizwe kwenye daftari. Kiwe cha kikundi, si cha mwenyekiti, si cha mtoto anayekipiga, na hata si cha parokia kama parokia imetoa chumba tu. Mzazi atie sahihi kwamba mtoto amekabidhiwa fidla nambari 4 na kwamba akihama atairudisha. Najua hii inaonekana kama kutoaminiana. Ile tarumbeta yangu iliyopotea ilipotea kati ya watu walioaminiana sana.

Hali ya hewa ya Mbeere si rafiki wa fidla. Joto la chini ya mabati linalegeza gundi, na ukame unakausha mbao hadi misumari ya kukazia nyuzi inateleza. Ziwekwe chumba chenye dari, mbali na dirisha, zisiachwe kwenye gari wala juani hata kidogo. Upinde ulegezwe kila baada ya mazoezi, usipolegezwa unapinda. Fidla ina nyuzi nne na wa juu kabisa ndio mwepesi kukatika, kwa hiyo uwe na akiba. Fidla pia zina ukubwa mbalimbali. Mtoto wa miaka minane hawezi ile ya mtu mzima, na mfadhili anayeleta kubwa tupu ameleta za vijana wa sekondari bila kujua. Kwa vyombo vya kupuliza, kila mtoto awe na kipande chake cha mdomoni, ama kioshwe vizuri kwa sabuni kabla ya kupokezana. 

Watoto wenyewe

Saa ya mazoezi ifuate maisha ya hapa. Kuna vijana wanaochuma muguka asubuhi, na gari linataka mzigo mapema. Kuwaita saa tatu ni kuwaambia wachague, na watachagua muguka kwa sababu inalipa leo. Jumamosi saa nane wanaweza. Na wasichana wawe wamefika kwao kabla ya giza. Mazoezi yakiisha saa kumi na mbili, anayetoka mbali ameshachelewa. Mtoto asibaki chumbani na mwalimu mmoja peke yake mlango ukiwa umefungwa, hata mwalimu akiwa mtakatifu. Watu wazima wawe wawili kila mara, na mmoja wao awe mama. Jambo hili halihitaji mjadala wa kamati.

Kuna shida moja ambayo barua za kuomba msaada huwa hazitaji. Mtoto akianza filimbi akiwa na miaka tisa, anaposhika fidla sawasawa anakaribia kumi na tano. Hapo anaitwa shule ya bweni, huko Embu ama Meru ama mbali zaidi, na okestra inapoteza mpigaji wake bora. Mwaka unaofuata inapoteza mwingine. Msishangae, na msimlaumu mzazi, masomo ni haki yake. Mfumo huu mpya wa elimu umetusaidia kidogo, maana watoto wa Gredi ya 7 hadi ya 9 wengi wanakaa nyumbani karibu na shule ya msingi, kwa hiyo mnaye mwaka mmoja zaidi kuliko zamani alipoondoka baada ya darasa la nane. Panga hivi: kila mpigaji wa Gredi ya 8 apewe mtoto mdogo wa kumfundisha. Na likizo za Aprili, Agosti na Desemba ziwe ndizo za mazoezi makubwa na tamasha, wa bweni wakiwa wamerudi. Okestra yenu itakuwa na misimu, kama mvua zetu.

Na ile haki ya kuacha tusiisahau. Kuna mtoto atakayejaribu mwaka mzima aone si kitu chake. Arudishe chombo, apewe asante, na mama yake asichekwe sokoni.

Tumefika wapi

Wale vijana watano tulikaa nao tena, safari hii pamoja na wazazi na kikundi cha akina mama chenye hema. Barua kwa wafadhili haijaandikwa. Tumekubaliana filimbi kumi za plastiki zinunuliwe kwa mchango, mwalimu wa kwaya afundishe Jumamosi saa nane, naye alipiwe nauli ya kwenda kujifunza nota za mistari kwa mwalimu mwenye ujuzi. Wapiga ngoma wawili wazee wa hapa wamekubali kukaa na watoto mara moja kwa mwezi. Baada ya mwaka mmoja, kama watoto hawatapungua kumi na daftari litasomeka, tutazungumza habari ya fidla mbili.

Yule mama wa mkoba ameombwa awe mweka hazina. Amesema atajibu akishavuna ndengu.